Tulikwisha kuamua Jumapili, kikao kilikuwa Alhamisi

Mama, shikamoo.

Nilichaguliwa kuwa diwani mwaka jana, na sijawahi kushika uongozi wa aina yoyote kabla ya huu. Baraza letu lina madiwani 9. Nakuandikia kwa sababu wiki ya tatu sasa sipati usingizi wa maana.

Katika ajenda ya mwezi uliopita kulikuwa na pendekezo la kuuza kiwanja cha wazi kilicho nyuma ya maktaba. Jumapili usiku, siku 4 kabla ya kikao, mwenyekiti alitutumia barua pepe sote. Aliandika: "Wenzangu, tulimalize hili hapa, tusije tukavutana mbele ya watu." Mmoja akajibu, mwingine akamjibu huyo, kila mtu akibonyeza "jibu wote". Mimi nilijibu saa nne usiku nikiwa kitandani: "Naunga mkono, mradi tuweke sharti la kuhifadhi miti." Mwenzangu akaandika kwamba sharti hilo litashusha bei. Nikakubali liondolewe. Kufikia Jumatatu asubuhi barua zilikuwa 23, na 6 kati yetu tulikwisha kusema tuko upande gani.

Alhamisi suala hilo lilichukua dakika 4. Mwenyekiti alisoma pendekezo, akauliza kama kuna mchango, tukanyamaza, tukanyoosha mikono.

Kwenye viti vya wananchi alikuwepo mzee mmoja mwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Alipoikunjua niliona maswali ameyaandika kwa kalamu ya bluu, mengine ameyakata na kuyaandika upya pembeni. Nafasi yake ya kusema ilikuja baada ya kura. Hakusoma hata swali moja. Aliuliza tu, "Waheshimiwa, haya mmeyajadili lini?" Mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda inayofuata.

Sasa kuna mkazi aliyeandika ombi rasmi la kupewa mawasiliano yetu yote kuhusu kiwanja kile. Mwenzangu amenipigia simu akinishauri nifute, kwa kuwa nilitumia anwani yangu binafsi wala si ya baraza. "Hizo ni zako," alisema. Wengine wamehamia kwenye kundi la WhatsApp ambamo ujumbe hujifuta baada ya siku moja, na nimeingizwa humo bila kuulizwa.

Je, tulivunja sheria ilhali hatukukutana? Barua nizifanyeje? Na kama hatuwezi kuandikiana, kazi itafanyika vipi? Sitaki kugeuka adui wa wenzangu 8. Bado nina miaka mingi ya kukaa nao meza moja.

Diwani mpya

*

Marahaba, mwanangu.

Usifute chochote. Nalisema hilo kwanza kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri hadi kesho, ila hilo haliwezi. Ombi rasmi likishafika, kufuta barua inayohusika ni kosa jingine kabisa, na mara nyingi ni zito kuliko la mwanzo. Uingereza, kwa mfano, ina sheria ya uhuru wa habari ya mwaka 2000, na kifungu cha 77 kinasema wazi kwamba mtumishi anayefuta, kubadili au kuficha kumbukumbu kwa nia ya kumnyima mwombaji anatenda jinai. Leo hii, kabla hujamaliza kunisoma, hifadhi mfululizo wote wa barua, kuanzia ya mwenyekiti hadi ya mwisho, na nakala yake mpelekee karani wa baraza. Usichague. Ile yako ya saa nne usiku iwemo.

Hiyo hoja ya "hizo ni zako" nimeisikia mara nyingi, maana kabla ya kuandika safu hii nilikaa kwenye kiti cha karani kwa miaka mingi, nikiandika kumbukumbu za vikao. Ina mvuto kwa sababu simu kweli ni yako, na nywila ni yako. Lakini kinachoangaliwa ni shughuli iliyomo ndani ya barua. Mtu mmoja wa San José huko California, Marekani, alipotaka kuona ujumbe wa viongozi wa jiji kuhusu uendelezaji wa katikati ya mji, jiji lilijibu kwamba uliokuwa kwenye simu na anwani binafsi hauhusiki. Ombi lilipelekwa mwaka 2009. Shauri likapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya jimbo, ambayo mwaka 2017 iliamua kwamba kazi ya umma inabaki kuwa ya umma hata ikifanyiwa kwenye akaunti binafsi. Ukiuza kiwanja cha watu kwa kutumia simu yako, simu hiyo imeingia kazini.

Sasa tuje kwenye swali lako gumu: mlivunja sheria?

Hukuniambia uko nchi gani, na hukumu ya mwisho ni ya wakili wa baraza lenu akiwa na kanuni zenu mkononi. Ila naweza kukueleza swali hili limejibiwaje kwingine, ili ukienda kwake usikubali kuambiwa "hamkukutana, basi hakuna tatizo" kana kwamba mambo yameishia hapo.

Kanuni za vikao vya wazi ziliandikwa na watu waliokuwa wakifikiria chumba, meza na mlango. California ilipitisha yake mwaka 1953, ikaitwa kwa jina la mbunge wa jimbo Ralph M. Brown. Uingereza ilipitisha sheria ya kuwaruhusu wananchi na waandishi wa habari kuingia kwenye vikao mwaka 1960. Aliyeuwasilisha muswada huo bungeni alikuwa mbunge mpya aitwaye Margaret Thatcher, na hotuba ya kuutetea ndiyo iliyokuwa hotuba yake ya kwanza katika bunge lile. Kilio cha nyakati hizo kilikuwa mabaraza kujigeuza kamati ili yapate kufunga mlango. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja watu 9 wangejadiliana usiku kucha, kila mmoja kitandani kwake.

Kwa hiyo barua pepe zilipokuja, mahakama zilitofautiana. Virginia, mwaka 2004, Mahakama ya Juu ya jimbo ilichunguza barua za madiwani wa Fredericksburg ikakuta kwamba jibu la haraka kuliko yote lilichukua zaidi ya saa 4. Ikaona hizo zinafanana na barua za posta, si mkutano, kwa kuwa watu hawakuwa pamoja kwa wakati mmoja. Mwenzako anaweza kukuletea kesi hiyo. Akikuletea, muulize yenu ya Jumapili ilikwenda kwa mwendo gani. Barua 23 kati ya usiku na asubuhi ni mazungumzo, tena ya haraka.

Katika jimbo la Washington, mwaka 2001, Mahakama ya Rufani ilisema kubadilishana barua pepe kunaweza kuwa mkutano ikiwa wengi wa wajumbe wanashiriki kwa nia ya kushughulikia jambo la baraza. Ikaongeza jambo nililolipenda kwa haki yake: kupokea barua tu, bila kujibu, hakukufanyi uwe umehudhuria mkutano. Nevada, mwaka 1998, wajumbe wa bodi ya vyuo vikuu waliotumiana rasimu ya tamko kwa faksi na kuulizana kwa simu walikutwa na kosa. Hapakuwa na chumba wala meza, lakini wengi walikuwa wamefikia uamuzi kwa kupitishiana.

Kesi ninayotaka uisome kwa utulivu ni ya Ohio, kwa sababu inafanana sana na ya kwenu. Gazeti liliandika maoni ya kumsifu mjumbe mmoja wa bodi ya shule. Mwenyekiti na wengine walio wengi wakaandikiana barua pepe kutunga jibu la kupeleka gazetini, yule mmoja wakamwacha nje. Baadaye bodi ikaliidhinisha jibu hilo kwenye kikao. Mjumbe aliyeachwa akashtaki peke yake. Alishindwa mahakama ya kwanza, akashindwa rufaa, na mwaka 2016 akashinda Mahakama ya Juu ya jimbo. Majaji walisema sheria inakataza wengi wa wajumbe kupanga na kufanya mjadala wa siri juu ya shughuli ya umma, na haijalishi ni ana kwa ana, kwa simu, kwa barua pepe au kwa ujumbe mfupi.

Mizani ninayoitumia mimi ni hii. Hesabu mlikuwa wangapi. Angalia kama mliongelea jambo lililo mikononi mwa baraza. Kisha angalia kama kulikuwa na kwenda na kurudi: mmoja anasema, mwingine anapinga, wa tatu analegeza. Kwenu, 6 kati ya 9 ni zaidi ya nusu. Kiwanja ni jambo la baraza. Na kuna lile sharti lako la miti. Mwanangu, nililisoma mara mbili. Ulitoa hoja, ukapingwa kwa hoja, ukabadili msimamo. Huo ndio mjadala wenyewe, na ulikuwa mzuri! Mtu anayeishi karibu na miti ile alikuwa na haki ya kukusikia ukiitetea, na haki ya kumsikia mwenzako akisema bei ni bora kuliko kivuli. Alhamisi aliletewa mikono iliyonyooshwa.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba katika sehemu nyingi zenye sheria ya vikao vya wazi mngekutwa na kosa. Florida, kwa sheria yake ya mwaka 1967, isingengoja hata wafike 6, maana huko wajumbe 2 tu wa baraza moja wakijadili faraghani jambo litakalowafikia mbele, tayari wamekosea. Kenya imeliweka kwenye Katiba ya 2010 yenyewe: kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liendeshe shughuli zake kwa uwazi na lifanye vikao vyake, pamoja na vya kamati, hadharani. Kuwafungia nje wananchi au vyombo vya habari hakuruhusiwi ila katika hali za kipekee, spika akiona kuna sababu za haki.

Wenzako huenda wakasema suala la ardhi huruhusiwa kuwa la faragha. Hapo wana chembe ya ukweli, na usiwabishie usipolijua vizuri. Sheria nyingi huruhusu kikao cha faragha kwa mambo kama kesi iliyoko mahakamani, nidhamu ya mtumishi, na bei ya ardhi inayojadiliwa na mnunuzi. California huruhusu baraza kuelekezana faraghani na mjumbe wake wa mapatano juu ya bei na masharti ya malipo, ili mnunuzi asijue kiwango chenu cha mwisho. Lakini hata kikao hicho hutangazwa kwenye ajenda. Na swali la kama kiwanja kiuzwe au kibaki, na miti ikatwe au isikatwe, halimo katika faragha hiyo.

Kuhusu hilo kundi la WhatsApp, toka. Kama kesi ya Virginia iliziokoa barua kwa sababu zilikwenda polepole, kundi la gumzo halina hata utetezi huo, maana watu wako pamoja saa hiyo hiyo na wanajibizana kwa sekunde. Ujumbe unaojifuta unaongeza tatizo la kumbukumbu juu ya tatizo la mkutano, na mbele ya mwananchi yeyote mwenye akili timamu utaonekana ni mpango wa kuficha. Kabla ya kutoka, hifadhi picha za kilichomo, kisha andika sentensi moja: "Natoka kwa sababu mambo ya baraza nitayajadili kikaoni." Usihubiri. Na usidhani alama ndogo haina uzito. Tangu mwaka 2021 sheria ya California inahesabu hata kidole gumba au uso wa tabasamu: diwani haruhusiwi kujibu moja kwa moja andiko la diwani mwenzake wa baraza hilo hilo kwenye mtandao wa kijamii, kuhusu jambo lililo chini ya baraza, hata kwa alama hizo. Wapo walioliona hilo kuwa limepita kiasi. Mimi sioni. Mikono 5 iliyonyooshwa ni kura, na vidole gumba 5 vinasomeka vivyo hivyo.

Umeniuliza kazi itafanyika vipi. Itafanyika, tena wengi wanaifanya hivyo kila wiki. Karani anaweza kuwatumia nyote ajenda, ripoti na ramani, nanyi msome. Unaweza kumwuliza karani au mhandisi swali lako, naye akujibu wewe, au ajibu kwa nakala itakayowekwa pia kwenye makabrasha ya kikao. Unaweza kuwajibu wakazi wa kata yako. Unaweza kuandika "Alhamisi nitachelewa nusu saa" bila hofu yoyote. Barua ya taarifa isiyodai majibu haina neno, na nilikuwa na desturi ya kuzituma nikiwa nimezificha anwani za wapokeaji, ili hata mwenye haraka akibonyeza "jibu wote" jibu lake lije kwangu peke yangu. Nakupa desturi hiyo, mpe karani wenu. Chini ya kila barua niliandika mstari mmoja: "Tafadhali msijibu kwa wote."

Jihadhari tu na njia mbili za kuzunguka, kwa sababu ndizo watu hukimbilia wakishaogopa barua pepe. Ya kwanza ni mnyororo: wewe unampigia mmoja, yeye anampigia wa pili, wa pili anamweleza wa tatu kile ulichosema, na kabla ya chakula cha mchana mko 5. Ya pili ni kama gurudumu la baiskeli. Mtu mmoja anakaa katikati, anazungukia madiwani mmoja mmoja, akimwambia kila mmoja wengine wamesemaje. Mara nyingi anayekalishwa katikati ni karani, na nimewahi kukalishwa hapo mimi mwenyewe. Mwenyekiti aliniita akaniambia, "Hebu wapigie uone upepo unavumaje." Nilipiga simu 3, na ya nne nikaishikilia mkononi nikashindwa kuibonyeza. Nilirudi nikamwambia naweza kuwaeleza madiwani pendekezo, lakini maoni ya mmoja siwezi kuyapeleka kwa mwingine. Alikasirika kwa wiki nzima, kisha akazoea.

Sasa kosa lililokwisha kutendeka. Linarekebishika, na hapo ndipo naomba utumie ujasiri wako, kuliko kwenye kulaumiana. Nenda kwa mwenyekiti ana kwa ana, peke yako. Usiende na mwenzako, usije ukaanzisha mnyororo mwingine. Mwambie hivi: "Mheshimiwa, na mimi nilijibu zile barua. Naomba suala la kiwanja lirudi kwenye ajenda lijadiliwe upya, na barua zote 23 ziwekwe kwenye makabrasha ya kikao." Anza na kosa lako, maana ni la kweli, na pia kwa sababu mtu aliyeambiwa "tulikosea" husikiliza kuliko aliyeambiwa "ulikosea". California huwapa baraza siku 30 za kurekebisha likishaandikiwa malalamiko, kabla mlalamikaji hajaenda mahakamani kubatilisha uamuzi. Mwenyekiti mwenye busara atapenda kurekebisha mwenyewe kuliko kurekebishwa na jaji.

Akikataa, mwandikie karani barua rasmi ya kuomba jambo hilo hilo, uombe na ushauri wa wakili wa baraza kwa maandishi. Utapoteza urafiki fulani. Siwezi kukuficha hilo. Yule wa Ohio alikaa kwenye bodi ile na watu aliowashtaki.

Na marudio yawe ya kweli. Mahakama za Florida zimekataa mara kadhaa kukubali kikao cha kugonga muhuri juu ya uamuzi uliokwisha kufanywa gizani, zikitaka mjadala kamili uanze upya mbele ya watu. Kwa hiyo siku hiyo simama urudie hoja yako ya miti kana kwamba hujawahi kuisema. Mwenzako naye aseme ya bei. Inawezekana kabisa mkafika pale pale mlipofika Jumapili, na kiwanja kikauzwa. Inawezekana pia mtu aliyekaa kule nyuma akawa na jibu ambalo nyote 9 hamkulifikiria, kama vile kuuza nusu.

Omba jambo moja zaidi kwa mwenyekiti: nafasi ya wananchi iwe kabla ya kura. Na karani ampelekee yule mzee taarifa ya tarehe na saa kwa maandishi, amwambie suala limerudi, na karatasi yake aje nayo.